Skauti wetu wanajua gwaride tu: uongozi na tabia vinajengwaje?

Mlezi_Masasi

Habari za jioni wadau wa kusini.

Nalea kundi la skauti kwenye sekondari ya kata huku Masasi. Tuna skauti 42, wavulana 24 na wasichana 18, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Kwa gwaride hatuna tatizo. Mwenge ukipita tunapangwa mbele, na mgeni rasmi akija, skauti wetu ndiye anayemvisha skafu. Tatizo ni siku nyingine zote. Nikiwa sipo, hakuna kinachofanyika. Kuna kijana mmoja wa Kidato cha Tatu anayepiga amri, na wengine 41 wanasubiri. Wazazi tuliwaambia skauti inajenga tabia na uongozi, lakini ninachokiona ni watoto wanaojua kusimama wima.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Kazi igawanywe vipi ili kila mtoto apate kuongoza kitu cha kweli, siyo cheo cha jina?
2. Mkuu wa shule anauliza kama kuna ushahidi wowote kwamba skauti inabadilisha watoto, au ni maneno yetu tu.
3. Baadhi ya wazazi wanasema jando na unyago vinatosha kumfunza mtoto.
4. Nataka kambi ya usiku mmoja, Jumamosi hadi Jumapili. Hatuna mahema, na bajeti ni ndogo sana.

---

Kamba_na_Fito

Mwalimu, nianze na la kwanza, kwa sababu ukilipatia hilo mengine yatakaa sawa yenyewe.

Kundi la watoto 42 chini ya kiongozi mmoja ni darasa lililovaa skafu. Skauti haikuanza hivyo. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alikuwa na wavulana wapatao 20 tu, na hata hao aliwagawa vikundi vinne: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru na Sululu (ndege wa pwani). Kila kikundi kilikuwa na kijana wake wa kukiongoza, na kijana huyo ndiye aliyewajibika kwa wenzake mchana na usiku. Alichanganya pia watoto wa shule za matajiri na watoto wa wafanyakazi. Kikundi kidogo hicho ndicho patroli, na ndicho kiwanda cha uongozi. Gwaride lilikuja kama pambo.

Kwa hesabu yako: wavulana patroli tatu za watu wanane, wasichana patroli tatu za watu sita. Usiwagawe kwa vidato. Kila patroli iwe na wa Kidato cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu, ili mkubwa awe na wa kumfundisha na mdogo awe na wa kumwangalia. Ukiweka Kidato cha Tatu wote pamoja utapata patroli moja inayojua kila kitu na mbili zinazohangaika, na baada ya mwaka mmoja hiyo ya kwanza inakufa yote kwa mpigo.

Ndani ya patroli, kila mtu awe na kazi inayoonekana pale isipofanyika. Hiki ndicho kipimo. Mtunza vifaa asipohesabu kamba, Jumamosi hakuna kamba. Mtunza fedha asipokusanya, hakuna unga. Kazi za kawaida ni kiongozi, msaidizi wake, mtunza vifaa, mtunza fedha, mwandishi, mpishi na mtu wa huduma ya kwanza. Patroli ya watu sita, msaidizi abebe pia uandishi. Patroli ya watu wanane, wa nane awe mwanafunzi wa mtunza vifaa, maana hiyo ndiyo kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Kazi zizunguke kila muhula, isipokuwa ya kiongozi, ambayo napendekeza ikae mihula miwili. Muhula wa kwanza kiongozi anajifunza kazi, wa pili ndipo anaifanya.

Kiongozi achaguliwe na patroli yenyewe. Wewe zungumza nao kabla, uwaulize wanamtaka mtu wa namna gani, kisha waache wachague. Watachagua vibaya mara moja moja. Waache waishi na uchaguzi wao angalau muhula mmoja. Ni somo ambalo hotuba yako haiwezi kulitoa.

Halafu kuna baraza la viongozi. Viongozi sita wa patroli wakae nusu saa kila baada ya kikao. Mmoja wao aongoze, mwingine aandike, na wewe ukae pembeni. Wao ndio wapange kikao kijacho: mchezo gani, ujuzi gani, nani anafundisha. Wewe una haki ya kukataa mambo mawili tu, yanayohatarisha mtoto na yanayovunja sheria ya shule. Mengine yote, hata kama unaona yatawashinda, yaache yapite.

Walezi wengi huharibu hapa. Baraza linakaa, watoto wanatoa wazo bovu, mlezi anasahihisha papo hapo. Mara ya tatu hakuna anayetoa wazo; wote wanamtazama mlezi usoni kujua anataka nini. Ukitaka kusema neno, geuza liwe swali: "Mvua ikinyesha je?" kisha kaa kimya.

Jambo la mwisho. Kijana wako wa Kidato cha Tatu amekuwa kiranja. Kiranja anaandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini, nguvu yake inatoka kwa mwalimu. Kiongozi wa patroli hana pa kupeleka majina. Wenzake wasipomfuata, chakula kinaungua na yeye analala njaa pamoja nao. Usimvue kijana huyo. Mpe patroli moja aiongoze kama wengine, na gwaride alifundishe kwa zamu na wenzake.

---

Mdadisi_Lindi

Naja kwenye la pili, maana mkuu wako wa shule ameuliza swali zuri na anastahili jibu la kweli.

Upo ushahidi, ila ubebe na mipaka yake. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walitoa matokeo ya watu karibu 10,000 wa Uingereza waliozaliwa mwaka 1958 na kufuatiliwa maisha yao yote. Waliowahi kuwa skauti au Girl Guides (chama ndugu cha wasichana) utotoni, walipofika miaka 50, uwezekano wao wa kuwa na sonona au wasiwasi uliopitiliza ulikuwa mdogo kwa takriban asilimia 15 kuliko wenzao. Utafiti mwingine ni wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, chini ya Profesa Richard Lerner, uliofanyika eneo la Philadelphia. Ulifuatilia skauti wadogo kwa muda wa takriban miaka miwili na nusu na kuwalinganisha na watoto wasio skauti. Skauti walipanda kwenye moyo wa kusaidia, upole, uchangamfu, utii, uaminifu na matumaini ya maisha yajayo.

Sasa mipaka. Tafiti zote mbili ni za nchi nyingine, na hakuna aliyewapanga watoto kwa kura nani aingie skauti na nani asiingie. Inawezekana mtoto anayejiunga tayari ana mzazi anayemsukuma, au tayari ni mtulivu. Watafiti hujitahidi kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini haziondoki zote. Kwa hiyo mwambie mkuu: dalili ni nzuri, uthibitisho kamili haupo. Mtu mzima atakuheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa kumwambia kila skauti anatoka malaika.

Cha maana zaidi ni kupima kundi lako mwenyewe. Daftari moja, mistari 42, na kila mwezi unaandika mambo manne: amehudhuria mara ngapi, amemfundisha mwenzake kitu gani, amesema lolote kwenye kikao cha patroli, kazi yake imefanyika bila kukumbushwa? Usiandike "ana nidhamu", kwa sababu hilo kila mtu analisoma anavyotaka. Andika kilichotendeka. Baada ya mihula miwili utaona mtoto aliyekuwa hasemi akisema, na utaona pia nani hajasogea hata hatua moja, ambaye ndiye wa kumshughulikia.

Na ninapingana kidogo na Kamba_na_Fito hapo juu. Gwaride siyo pambo tu. Kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka kijijini bila sare kamili, siku ya kwanza kupiga hatua sawa na wenzake na kuonwa na kijiji kizima ni jambo kubwa. Ndilo linalomleta. Liache liwe mlango, dakika 15 kwa kikao, lisiwe nyumba nzima.

---

Kamba_na_Fito

Mdadisi, hapo nakubali. Dakika 15 zinatosha kabisa.

---

Babu_wa_Ndanda

Wajukuu zangu, niruhusuni kwenye la jando na unyago.

Wazazi hao msiwabishie, kwa sababu wanasema kweli. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, mtoto hakuachwa akue kama gugu. Jandoni na unyagoni anafunzwa heshima, uvumilivu, siri, namna ya kukaa na wakubwa. Ukienda kwa mzazi na kumwambia umeleta kitu cha kumfunza mwanawe tabia, anasikia kwamba unamwambia yeye hakumfunza. Masasi yenyewe ina historia ya jambo hili. Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA hakulipiga vita jando. Alikaa na wazee na kulifanya la Kikristo kwa waumini wake. Alijua kwamba ukiling'oa bila kuweka kitu, umemwacha mtoto peupe.

Waeleze wazazi tofauti iliyopo bila kudharau. Jandoni mtoto anapokea. Mwenye kusema ni mkubwa, na kazi yake mtoto ni kushika. Inafanyika mara moja, anatoka akiwa mtu mwingine. Skauti inarudiwa kila wiki kwa miaka, na mwenye kufundisha mara nyingi ni mtoto kwa mtoto. Cha kwanza kinampa mtu nafasi yake katika ukoo, cha pili kinampa mazoezi ya kuibeba. Havigombani.

La vitendo: angalieni kalenda. Siku hizi jando na unyago mara nyingi hubanwa kwenye likizo, hasa ya Juni wakati mavuno yameingia. Ukiweka kambi humo utakosa nusu ya watoto, na wazazi watadhani umefanya makusudi. Septemba hadi Desemba ni korosho, watoto wanaokota na kubangua, na Novemba ni mitihani ya Taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne. Januari hadi Aprili mvua. Zinabaki wiki za Julai na Agosti, baada ya shule kufunguliwa. Baridi ya usiku ipo lakini hainyeshi.

Na kabla ya kambi nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa wazee wa mahali mnapolala. Mwalike mmoja aje jioni kwenye moto awaambie watoto habari za pale. Usimpe maikrofoni na ratiba; mpe kiti na umwache aseme.

---

MamaDumu_Newala

Shikamoo babu. Umenisaidia, maana nilitaka kusema Juni.

Mwalimu, kambi nakupa hesabu. Mnafika Jumamosi saa tatu asubuhi, mnaondoka Jumapili saa sita mchana. Milo mitatu: mchana, usiku, na kifungua kinywa. Kila patroli ipike yenyewe kwa sufuria zake kwenye mafiga yake. Tafadhali usikubali jiko moja la kundi zima na mama mpishi wa kukodi. Ukifanya hivyo umeokoa saa mbili na kupoteza sababu ya kwenda kambini.

Patroli ya wanane:
- Unga wa sembe kilo tatu na nusu. Kijana mwenye njaa anakula gramu 200 kwa mlo, mara wanane, mara milo miwili ni kilo 3.2, kinachobaki ni akiba ya ugali wa kwanza utakaoungua.
- Choroko gramu 650 za mchana. Siyo maharage. Maharage yasiyolowekwa yanakaa motoni saa mbili na zaidi, kuni zinaisha, watoto wanakula saa kumi. Choroko hazihitaji kulowekwa na zinaiva ndani ya saa moja.
- Dagaa gramu 350 za usiku.
- Muhogo mbichi kilo mbili na nusu, kifungua kinywa, pamoja na chai. Uwe muhogo mtamu ulionunuliwa kwa mtu mnayemjua, umenywe, uchemshwe mpaka uive kabisa. Mchungu una sumu.
- Mafuta robo lita, vitunguu vitano, nyanya kumi, chumvi, sukari nusu kilo, majani ya chai.

Sasa maji, na hapa watu wa uwanda wa juu wa Makonde tunaelewana. Weka lita saba kwa mtoto kwa muda wote: tatu na nusu za kunywa, mbili za kupikia, moja na nusu ya mikono na vyombo. Kuoga hakumo. Watoto 42 ni lita 294, yaani madumu 15 ya lita 20, uongeze matatu ya akiba. Kama mnakwenda penye maji ya bomba, hakikisha siku tatu kabla kwamba yanatoka, na uliza zamu yake. Kama ni kisima, ya kunywa yachemshwe yatokote, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Mgawo wa maji ukabidhi kwa watunza vifaa wa patroli zote kwa pamoja. Patroli itakayoosha vyombo kwa fujo itajua yenyewe Jumapili asubuhi, na hapo ndipo utaona kiongozi anavyokwenda kuomba kwa patroli ya jirani. Usiingilie, ila dumu lako la akiba la kunywa lifungie, litoke kwa kiu ya kweli tu.

Mahema hamhitaji. Turubai la mita nne kwa tano linalaza wanane kiangazi. Funga kamba kati ya miti miwili, kimo cha mita moja na nusu, laza turubai juu yake, kisha vuta kona kwa vigingi vilivyoinamia nje. Kosa la kawaida ni kulifunga juu sana ili watu wasimame ndani. Usiku upepo unalichukua kama tanga. Mikeka chini, na kila mtu alale na chandarua, hata wawili wawili kwa kimoja.

Fedha: shilingi 200 kwa wiki kwa kila mtoto. Wanane kwa wiki kumi ni shilingi 16,000. Asiyekuwa nayo alipe kwa kazi, kama kumwagilia bustani ya mchicha ya patroli, na jina lake liandikwe sawa na aliyelipa. Mtunza fedha anaandika, kiongozi anasaini, na fedha inakaa kwa mlezi. Fedha isikae kwa mtoto. Siyo kwamba ni mwizi, bali nyumbani kukiwa na njaa umemweka kwenye jaribu ambalo hata mtu mzima lingemshinda.

---

Nesi_Kilwa

Naongeza usalama, kwa sababu kundi moja likipata ajali, skauti inapigwa marufuku wilaya nzima.

Watu wazima wanne kwa watoto 42, wawili kati yao wanawake, wakae muda wote. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja mahali palipojificha, hata kwa kumshauri; zungumzeni mnapoonekana. Wasichana walale upande wao na mlezi wa kike karibu nao. Kibali cha mzazi kwa maandishi, kikitaja namba ya simu na ugonjwa kama pumu, kifafa au selimundu. Mwenye selimundu asipate kiu wala baridi. Kamishna wa Skauti wa wilaya na uongozi wa shule wawe na barua yako kabla, na ujue zahanati ya karibu iko wapi na gari litatoka wapi saa nane za usiku.

Choo: handaki la kina cha sentimita 60 hadi 90, upana 30, angalau mita 30 kutoka kwenye maji na upande wa mteremko wa chini. La wavulana na la wasichana mbalimbali. Udongo ukae pembeni na koleo, kila mtu afukie.

Moto ndio hatari kuu ya Julai na Agosti, majani yamekauka. Safisha mita tatu kuzunguka mafiga mpaka udongo uonekane, weka ndoo ya mchanga kwa kila jiko. Kuzima: mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, sogeza mgongo wa mkono. Kama bado pana joto haujazimika.

Sanduku: glavu jozi sita, shashi pakiti kumi, bendeji, plasta, mkasi, sabuni, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pakiti sita, tochi. Skafu yenyewe ikifunguliwa ni bendeji ya pembetatu ya kuning'iniza mkono. Fundisheni mambo mawili mpaka yakae: aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta; aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, apelekwe hospitali. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza wala kupoteza muda na jiwe la nyoka.

Na adhabu. Pushapu, kupiga magoti, kuzunguka uwanja, hayo siyo skauti. Kiongozi wa miaka 15 anayepewa ruhusa ya kuadhibu atajifunza kuadhibu, basi.

---

Mlezi_Masasi

Asanteni sana, babu shikamoo. Nimenakili yote.

Swali la nyongeza. Tuseme patroli imechagua kiongozi, na akawa mkali mno, au kinyume chake, mpole mno, anafanya kazi zote mwenyewe kwa kuogopa kuwaambia wenzake. Mlezi anafanyaje bila kuingilia? Na kabla ya kambi, tuanze na kazi gani ndogo ya kuwajaribu?

---

Kamba_na_Fito

Huyo wa pili ndiye anayejificha, kwa sababu patroli yake inaonekana nzuri. Vyombo visafi, moto unawaka, na mtu mmoja amechoka.

Kwa wote wawili, kutana na kiongozi kabla ya kazi na baada ya kazi, siyo katikati. Kabla, muulize: kazi ni zipi, nani anafanya ipi, utajuaje imekwisha? Ajibu kwa majina. Mpole atajitaja mara nne. Hapo mwambie mikono yake isishike kitu kwa dakika 20 za kwanza, kazi yake ni kutembea na kuangalia. Mkali atataja kazi bila kutaja sababu. Mwambie kila agizo alitoe na "kwa sababu" yake. Baada ya kazi, patroli nzima ikae dakika kumi na kila mtu ajibu: nini kilikwenda vizuri, nini tubadilishe. Kiongozi anasema wa mwisho. Akianza yeye, wote watamfuatisha.

Mkali asiporekebika baada ya mazungumzo matatu, peleka suala baraza la viongozi. Wenzake watano wakimwambia, anasikia kuliko wewe.

Kazi ya kuanzia: vibuyu chirizi (madumu ya kunawia mikono yanayoinamishwa kwa kukanyaga kijiti) kwenye shule ya msingi ya jirani, kila patroli kimoja, asubuhi moja. Ni kazi halisi, inahitaji kila mkono, na ikikosewa inaonekana. Dumu la lita tano. Miti miwili yenye panda ya mita mbili, ichimbiwe nusu mita, iachane sentimita 70. Mti wa ulalo wa mita moja upite kwenye mkono wa dumu. Msumari uliopashwa moto utoboe tundu moja, sentimita 12 chini ya kifuniko. Kamba kutoka kifunikoni hadi kijiti cha kukanyagia, kijiti kikae sentimita 15 juu ya ardhi. Chini weka kokoto, la sivyo panageuka dimbwi la mbu.

Kinachoharibika: tundu likiwa kubwa dumu linaisha kwa watoto kumi. Miti isipochimbiwa vya kutosha inalegea wiki ya pili. Kamba ya katani inakatika kwa maji, tumia ya nailoni. Na kubwa kuliko yote, wiki ya tatu hakuna anayejaza. Kwa hiyo kazi haijakamilika siku ya kujenga. Patroli iandike zamu ya kujaza pamoja na viranja wa shule ile, na irudi kukagua Ijumaa nne mfululizo. Watakaorudi Ijumaa ya nne bila wewe kuwakumbusha, hao wako tayari kwa kambi.

---

MamaDumu_Newala

Sabuni itoboeni katikati, mpitishe kamba, mfungie kopo lililokatwa juu yake kama mwavuli. Bila kopo mvua inaimaliza, na kunguru wanaichukua.

---

Mdadisi_Lindi

Kazi ya pili, kama mnataka kwenda mbele: orodha ya tahadhari. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mtwara na Lindi ziliwekwa kwenye tahadhari kabla hakijapiga kaskazini mwa Msumbiji, na Mei 2024 Hidaya kikaja pwani yetu na mafuriko yakafuata. Kila patroli ichukue kitongoji kimoja, iende na mjumbe, iandike wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, na jirani wa kumgongea kila mmoja. Nakala moja kwa mwenyekiti, moja shuleni, isibandikwe ukutani, ni siri za watu. Ipitiwe upya kila Novemba kabla ya mvua. Mtoto aliyebeba jina la bibi fulani kichwani mwake haulizi tena kaulimbiu ya skauti, "uwe tayari", maana yake nini.

---

Mlezi_Masasi

Tunaanza na vibuyu chirizi Jumamosi ijayo. Viongozi sita wamechaguliwa leo. Patroli moja ya wasichana imemchagua wa Kidato cha Kwanza. Nimenyamaza.